Safu ya Mwisho ya Leja

Stoo yangu hapa Sunuka ina dirisha moja, linatazama barabara ya Ilagala.
Zamani ilikuwa jiko la wauguzi.
Mvua ikinyesha, masizi ya miaka ile hutiririka ukutani
hadi kwenye maboksi ya chumvichumvi za wanaoharisha.
Nimeyainua juu ya mbao, tofali mbili huku, tofali mbili kule.
Mkaguzi alipokuja aliandika: Mbao zipo.

Kila miezi miwili fomu inauliza:
ulikuwa na nini, ulipokea nini, ulitoa nini,
umebaki na nini, na siku ngapi ulikaa bila.
Siku ngapi ulikaa bila.
Swali hilo limenikalia kama mgeni asiyeaga.

Mwezi wa pili nilikuwa na vichupa viwili vya oksitosini,
nikaandika kumi na viwili.
Sikuiba. Umeme ulikuwa umekatika,
Nesi Nyanzobe ananigongea dirisha anataka glavu,
kalamu ikaweka moja mbele ya mbili,
moja nyembamba kama unywele.
Fomu ikapanda pikipiki kwenda wilayani,
ikaingia kwenye kompyuta, ikasafiri kuliko nilivyowahi kusafiri mimi,
Kaliua, Urambo, hadi bohari ya Tabora yenye mapanga boi darini,
ambako kijana mmoja, simjui, nimempa jina Mihayo,
alisoma kumi na viwili akasema: hawa wanazo.
Akawapa wengine.
Alitenda haki. Namba yangu ndiyo iliyodanganya, tena kwa mwandiko mzuri.

Gari lilifika Alhamisi. Kapalata, dereva, mtu wa vina,
alishusha paneli na pamba, akanisainisha,
kisha akaandika ubavuni mwa boksi tupu, kwa kalamu nene:

*Kinachowahi kuisha, ndicho kitoke mapema,*
*Kipya nyuma nakishusha, cha zamani mbele hima,*
*Tarehe yanikumbusha, mwezi una yake dhima,*
*Sifuri yanikondesha, rafu tupu ikihema.*

Nilicheka. Oksitosini sikuiona kwenye hati,
nikadhani ipo gari la nyuma.
Hapakuwa na gari la nyuma.

Vile viwili vilikwisha kwa wajawazito wawili wa wiki moja.
Jumapili usiku akaja Kezia, mke wa Bahoza,
mtoto akatoka vizuri, mzima, ana hasira zake.
Damu ndiyo ikakataa kusimama.
Nyanzobe akalikandamiza tumbo kwa ngumi, hakuniangalia,
akasema tu: Mtunza stoo.
Hakuniita jina.

Nilipiga simu Ilagala. Wanavyo vitatu.
Gwimo akawasha bodaboda bila kuuliza nauli.
Barafu tuliipata kwa wachuuzi wa migebuka, tukaipasua kwa nyundo,
nikamwambia: vifunge taulo kwanza, visiguse barafu,
vikiganda vimekufa.
Akaenda. Nikabaki nimeshika mlango wa friji
ambayo ndani yake mlikuwa na chanjo, na ubaridi mwingi usio na kazi.

Alirudi matope hadi kifuani.
Kichupa kilinuka samaki.
Nyanzobe alikivunja shingo, akavuta, akachoma,
na sisi wengine tukatazama shuka.
Sitasema ilichukua muda gani. Sikuhesabu.
Kwa mara ya kwanza mwaka huu kitu kimepita mikononi mwangu bila kuhesabiwa.
Kezia aliomba uji alfajiri.

Kwenye leja kosa halifutwi.
Hupigwi wino mweupe, hukwangui kwa wembe.
Unapitisha mstari mmoja, lililokosewa libaki linasomeka,
unatia sahihi pembeni.
Nikaipitishia mstari ile moja. Ikawa kama alama ya kujumlisha.

Safu ya mwisho, Maelezo, ina upana wa vidole viwili.
Ningetaka kuandika habari za nyundo, za taulo,
za mtu kuitwa kwa cheo chake usiku.
Nimeandika:
Ilagala wanatudai 3.